Kibodi ya kawaida au ya ergonomiki? Wenye steshonari Lembeni wapige hesabu kwanza

Mtaji wa duka la steshonari katika mji mdogo kama Lembeni, kando ya barabara kuu kati ya Same na Mwanga, huonekana wote juu ya meza: kompyuta, printa, mashine ya kutoa nakala na mabunda ya karatasi. Mtaji mmoja tu ndio hauandikwi kwenye daftari la mali, nao ni mikono ya mpiga chapa.

Kazi zinazoingia katika maduka ya aina hii zinafahamika. Kuna mitihani ya shule, mihtasari ya vikundi vya kuweka na kukopa, mikataba ya mauziano ya viwanja na barua za maombi ya kazi. Msiba ukitokea Usangi au Ugweno, ratiba ya mazishi hutakiwa siku hiyo hiyo. Msimu wa mitihani mpiga chapa hukaa kitini tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Vidole vikianza kufa ganzi, dawa ya kuchua hupakwa na kazi huendelea. Siku mkono unapogoma kabisa, mteja hupanda basi kwenda Same au Mwanga, na si wote wanaorudi.

Ndiyo maana kibodi za ergonomiki, zile zilizogawanywa katikati na kuinuliwa kama paa la nyumba, zinastahili kuangaliwa na mfanyabiashara kwa jicho la mtaji badala ya jicho la anasa. Swali ni kama zinalipa.

Wapiga chapa wa zamani watasema kwamba wao walitumia taipureta miaka mingi bila kulalamika. Hoja hiyo ina uzito wake. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na taipureta ikaendelea kutawala ofisi za Tanzania hadi miaka ya 1990. Vitufe vyake vilikuwa vigumu kuliko vya kompyuta, lakini mashine yenyewe ililazimisha mapumziko: kila mwisho wa mstari mkono uliinuka kurudisha behewa, kila mwisho wa ukurasa karatasi ilibadilishwa, na kosa likitokea mtu alisimama kulifuta. Kompyuta imeondoa hayo yote. Mpiga chapa anaweza kugonga saa nzima mikono ikiwa imeganda mahali pamoja, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Mpangilio wa herufi nao umerithiwa kutoka Marekani, kwenye mashine ya Christopher Sholes iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Remington mwaka 1874. Haukupangwa kwa ajili ya Kiswahili. Katika lugha hii herufi A huzidi nyingine zote, karibu moja katika kila tano, na kwenye kibodi imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vingi. Neno "wafanyabiashara" lina herufi 15. Sita ni A, na kwa mpiga chapa aliyefundishwa vizuri, 11 hupigwa na mkono wa kushoto. Mpiga chapa anayesikia mkono wa kushoto ukichoka mapema kuliko wa kulia asidhani amerogwa.

Kibodi ya ergonomiki haibadilishi mpangilio huo. Inachofanya ni kuunyoosha mkono. Kwenye kibodi ya kawaida viganja hupinda kwenda nje ili vidole vifuate mstari ulionyooka, na hugeuzwa kulala chini kabisa. Ile iliyogawanyika huacha kiganja kifuate mstari wa mkono. Wazo hilo liliingia soko kubwa mwaka 1994, Microsoft ilipotoa kibodi yake ya Natural.

Ushahidi wa faida yake haulingani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima wapiga chapa kwa siku mbili tu, ukaona tofauti ndogo sana ya uchovu na maumivu. Mwingine, wa mwaka 1999, uliwafuata watumiaji 80 wa kompyuta waliokwisha kuwa na maumivu kwa miezi sita. Baadhi ya waliopewa kibodi iliyogawanyika walipata nafuu kuliko waliobaki na ya kawaida. Kwa hiyo anayetarajia nafuu ya wiki moja atasikitika, na asiye na maumivu asitarajie muujiza.

Sasa hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, kibodi ya kawaida kuwa shilingi 20,000 na ya ergonomiki 180,000. Tofauti ni 160,000. Duka linalochapa kurasa 30 kwa siku kwa shilingi 1,000 kila ukurasa huingiza 30,000. Mpiga chapa akipungua kasi kwa robo katika siku 12 za kuzoea, duka litapoteza 90,000 nyingine. Gharama halisi basi ni 250,000, sawa na mapato ya siku zipatazo nane na nusu. Duka ambalo mpiga chapa wake hulala nyumbani kwa maumivu zaidi ya siku hizo kwa mwaka litarudisha fedha yake. Lile linalochapa kurasa tano kwa siku linahitaji mapato ya siku 35 kufidia kifaa hicho, na hapo biashara haipo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kibodi iliyogawanyika inamfaa aliyesomea uhazili, anayepiga kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Anayedonoa kwa vidole viwili, ambao ndio wengi katika maduka haya, huvusha mkono wa kulia hadi upande wa kushoto kila mara, na ule mwanya wa katikati humpa taabu. Na pale ambapo watu watatu hushika kompyuta moja kwa zamu, mmoja ataizoea na wawili watailaani.

Kabla ya kutoa 180,000, yapo yasiyo na gharama kubwa. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, ambavyo karibu kila mtu huvisimamisha, huinua kibodi na kukunja kiganja kwenda juu, vikunjwe. Meza nyingi za maseremala hufikia sentimeta 75, kimo cha kulia chakula. Fundi mwenye msumeno anaweza kuikata miguu hadi viwiko vya mpiga chapa vilingane na vitufe. Kusimama dakika tano kila saa kurudisha damu vidoleni hakuhitaji risiti.

Mwenye duka aliyeajiri akumbuke pia sheria. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unawahusu waajiri wa Tanzania Bara, wakubwa kwa wadogo, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuwasahau wapiga chapa. Ugonjwa wa mikono uliotokana na kazi ni jambo la kudaiwa, mradi uthibitishwe na daktari.

Kwa atakayeamua kununua, soko la mitumba lina mitego yake. Microsoft iliacha kutengeneza kibodi za jina lake mwaka 2023, na mwaka uliofuata kampuni ya Incase ikaanza kuuza baadhi ya miundo hiyo, kwa hiyo zile za zamani zinazopatikana ni zilizokwisha kutumika. Za kwanza kabisa zina plagi ya duara ambayo kompyuta nyingi za sasa hazina tundu lake. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na zilizotoka Ufaransa zina Q mahali pa A. Mnunuzi aombe ichomekwe palepale dukani, apige sentensi moja ndefu ya Kiswahili, na kitufe cha A akibonyeze mara nyingi, maana ndicho kinachokufa kwanza.