Tony Fernández na Mupira Uliomuponyoka



Siku ya posho iliyopita mulinzi wetu wa goli aliachilia mupira mwepesi upite katikati ya miguu yake, nasi tukapoteza mechi 1 kwa 0. Tangu siku ile watu wanamuita Kitunga, sababu kitunga hakishiki maji. Sisi kapita wenu tulicheka pamoja na wengine, hatufichi. Lakini jana alituletea ganti zake, akaziweka juu ya meza ya depo, akasema tutafute mutu mwingine. Usiku tulikosa usingizi.

Njo maana tunataka kuwaelezea habari ya muchezaji mumoja wa mbali, ambaye mupira ulimuponyoka mbele ya watu zaidi ya 67.000. Jina lake ni Tony Fernández. Muchezo wake si mupira wa miguu, ni beisiboli. Kwa hiyo tuanze na muchezo wenyewe.

1. Beisiboli ni nini?

Ekipe ni mbili, kila moja na wachezaji 9 kiwanjani. Mutu wa ekipe moja anatupa mupira mudogo mugumu, unaoenea ndani ya kiganja. Mutu wa ekipe ingine anaungojea na fimbo nene. Akiupiga vizuri, anakimbia. Kuko vituo 4, vimepangwa kama pembe za mraba, na toka kituo kimoja mpaka kingine ni metre 27 na zaidi. Anayevizunguka vyote na kurudi pahali alipoanzia analetea ekipe yake pointi moja.

Wale wengine, wenye ganti kubwa ya ngozi mukononi, wanajaribu kushika mupira na kuufikisha kituoni mbele ya yule anayekimbia. Wakifaulu, anatoka. Watatu wakitoka, zamu ya ekipe ile imekwisha. Kila ekipe iko na zamu 9. Kama wako sawasawa, wanaongeza zamu.

Tony alikuwa anasimama katikati ya kituo cha pili na cha tatu. Ni pahali pagumu. Mupira unakuja mbio, unarukaruka juu ya udongo, naye anapaswa kuinama, kuushika, kugeuka na kuutupa mbali mpaka kituo cha kwanza, yote katika sekunde chache tu. Yeye alijulikana kwa kuutupa toka chini, mukono ukipita karibu na kiuno, bila kujinyosha kwanza. Hivyo hakupoteza wakati.

Tena mushike neno hili: katika beisiboli, mupigaji anayefaulu mara 3 kati ya 10 wanamuhesabu kuwa hodari. Ni muchezo unaojua mapema kwamba mutu atakosa.

2. Mutoto wa San Pedro

Tony alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 6, 1962, katika muji wa San Pedro de Macorís, kando ya bahari, katika Jamhuri ya Dominika. Inchi hiyo iko kwenye kisiwa kimoja na Haiti. San Pedro ulijulikana kwanza kwa viwanda vya sukari na mashamba ya miwa, kisha kwa wachezaji. Makumi yao walifika katika ligi kubwa ya Marekani na Kanada. Watoto wasio na pesa walikuwa wanacheza na fimbo yoyote, mupira wa vitambaa, na ganti ya karatasi ngumu ya maziwa. Sisi tuliokomaa na mipira ya mifuko na kamba, hilo hatuhitaji kuelezewa.

Mwaka wa 1979 Epy Guerrero, aliyekuwa anatafutia ekipe ya Toronto Blue Jays vijana, alimuandikisha. Tony hakuwa hata na miaka 18.

3. Ekipe nane

Alianza kucheza katika ekipe kubwa ya Toronto mwaka wa 1983. Pahali pake palikuwa na mwenyewe, Alfredo Griffin, ambaye alikomalia San Pedro vile vile. Mwisho wa 1984 Toronto ilimutoa Griffin, na Tony akashika pahali pale. Toka 1986 mpaka 1989 alipata Ganti ya Zahabu miaka mine mufululizo. Ni zawadi ya yule anayeshinda wengine kwa kulinda pahali pake. Mwaka wa 1986 alipiga vizuri mara 213.

Maumivu hayakukosa. Mwezi wa 9, 1987, mukimbiaji mumoja alimugonga kwenye kituo, kiwiko kikavunjika. Toronto ilikuwa mbele ya wote. Ikapoteza mechi 7 za mwisho, na Detroit ikaipita. Mwaka wa 1989 mupira ulimupiga usoni, ukamuvunja mufupa wa shavu. Alirudi.

Kule ekipe inaweza kubadilishana wachezaji, mara nyingi bila kuwauliza. Mwisho wa 1990 Toronto ilimutuma San Diego pamoja na Fred McGriff, ikapokea Joe Carter na Roberto Alomar. Mwaka wa 1992 Toronto ilishinda ubingwa mukubwa, Tony hayupo. Fikirini moyo wake! Mwaka wa 1993 alianza na New York Mets, mambo hayakuenda vizuri, na mwezi wa 6 Toronto ikamurudisha. Mwaka uleule ikashinda Philadelphia na kuchukua ubingwa tena. Katika mechi zile 6 za mwisho, fimbo ya Tony ilileta pointi 9.

Kisha Cincinnati mwaka wa 1994, na New York Yankees mwaka wa 1995. Mwezi wa 3, 1996, katika mazoezi, alijitupa kushika mupira, kiwiko kikavunjika tena. Mwaka muzima hakucheza. Yankees ilitegemea kijana aliyeitwa Derek Jeter, naye alibaki katika ekipe ile mpaka 2014. Vile Tony alivyopokea pahali pa Griffin, njo vile pahali pake mwenyewe palipopokewa.

4. Usiku wa Miami

Mwaka wa 1997 alikuwa Cleveland, na miaka yake 35. Hapo alisimamia kituo cha pili. Cleveland haikupata ubingwa tangu 1948.

Tarehe 15 mwezi wa 10 walicheza na Baltimore. Tony hakupangwa kuanza. Lakini mbele ya mechi, wakati wa mazoezi, mupira alioupiga yeye mwenyewe ulimuumiza Bip Roberts kidole, na Tony akaingia pahali pake. Zamu 10 zilipita bila pointi hata moja. Katika zamu ya 11 Tony aliupiga mupira, ukapita juu ya ukuta. Cleveland 1, Baltimore 0. Njia ya mechi za ubingwa ikafunguka.

Tarehe 26 ikawa mechi ya 7 na ya mwisho, kule Miami, na Florida Marlins. Pointi mbili za Cleveland, zote mbili fimbo ya Tony njo ilizileta. Cleveland iliongoza mpaka zamu ya 9, kisha Florida ikasawazisha, 2 kwa 2. Katika zamu ya 11 Craig Counsell alipiga mupira chini, ukaelekea kwa Tony. Mukimbiaji wa Florida akapita mbele ya macho yake. Tony akainama, mupira ukapita chini ya ganti. Kitabuni wakaandika: kosa.

Watu wengi wanamalizia hapo. Sisi tunawaomba mungojee kidogo. Nyuma ya pale Florida ilikuwa na wakimbiaji kwenye vituo vyote, na mupira uliofuata ukapigwa kwa nani? Kwa Tony tena. Safari hii aliushika, akautupa sawasawa mpaka kituo cha nyumbani, na yule aliyekuwa anakuja kutia pointi ya ushindi akatoka. Dakika chache tu nyuma ya kosa, mikono ileile ilifanya kazi yake. Kisha Edgar Rentería akapiga vizuri, Counsell akaingia, Florida ikashinda 3 kwa 2. Na watu wakasema: Tony alipoteza ubingwa. Pointi mbili zile wakazisahau.

5. Nyuma ya kosa

Je, alirudisha ganti? Hapana. Mwaka wa 1998 alirudi Toronto, na mwaka wa 1999, akiwa na miaka 37, alipiga vizuri kwa kadiri ya mara 328 kati ya 1.000, akachaguliwa tena kati ya wachezaji bora wa ligi yake. Mwaka wa 2000 alivuka bahari kuchezea Seibu Lions ya Japani. Mwaka wa 2001 alianza Milwaukee, akamalizia Toronto, pahali alipoanzia. Kwa jumla, katika ligi kubwa: mechi 2.158, mapigo mazuri 2.276, ekipe 7. Na Japani ya nane.

Mwaka wa 2008 Kanada ilimuingiza katika nyumba ya heshima ya beisiboli yake. Alikuwa Mukristo wa kujulikana, akahubiri na kusaidia watoto maskini. Alikufa mwezi wa 2, 2020, akiwa na miaka 57, juu ya ugonjwa wa figo.

Basi, ndugu, kuteleza si kuanguka. Mulinzi wetu wa goli alitushikia mipira mingapi tangu mwezi wa 9? Hakuna aliyehesabu. Ule mumoja tu njo tuliuhesabu wote, na sisi kapita wa kwanza. Ganti zake ziko bado depo, hatukumupa mutu mwingine. Siku ya posho tuko na mechi tena. Tutamupelekea sisi wenyewe, na tutamuita kwa jina lake.