Ukuta wa Namungo na Mfuko Wake

Wapenzi wa kandanda wa Ruangwa na Nachingwea hawajausahau msimu wa 2019/20. Namungo, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ilishika nafasi ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020, na ikafungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, njia ya kwenda Afrika ikafunguka kwa Namungo.

Huko ndiko ulikopimwa ukuta wake. Februari 2021, mjini Dar es Salaam, Primeiro de Agosto ya Angola ilipigwa 6 kwa 2. Siku chache baadaye Waangola hao hao wakashinda 3 kwa 1, na Namungo ikapita kwa jumla ya 7 kwa 5. Mabao saba ni furaha kubwa, lakini yale matano yalikuwa onyo. Katika makundi, mbele ya Raja, Pyramids na Nkana, Namungo ilipoteza mechi zote sita.

Haifai kuwalaumu mabeki peke yao. Huko Marekani na Kanada, ligi ya magongo ya barafuni iliweka kikomo cha mishahara mwaka 2005, dola milioni 39 kwa kila timu, tajiri na maskini sawasawa. Ligi yetu haina kikomo cha namna hiyo. Klabu ya Ruangwa hufungwa na mfuko wake tu, hali Simba na Yanga zina matajiri wa kuzijazia.

Basi fedha hiyo kidogo iende wapi? Kwa maoni yetu, kwanza kwa mlinda lango, kisha kwa beki mmoja wa kati aliyekomaa, mwenye sauti ya kuwapanga wenzake. Pembeni wawekwe vijana wa Nachingwea na Ruangwa wenye mbio na pumzi, wafundishwe kwa subira. Kuelewana kwa mabeki hakununuliwi dukani. Huja kwa kucheza pamoja misimu miwili au mitatu. (Nachingwea yenyewe ilishuhudia mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta mengi kabla ardhi haijachunguzwa sawasawa, ukaachwa 1951.)

Hatari kubwa zaidi imo katika mikataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa kufunga mkataba na klabu nyingine. Mikataba ya mabeki wote wanne ikimalizika Juni moja, ukuta mzima waweza kuondoka kwa basi moja. Hapana budi wawili wamalize mwaka mmoja na wawili mwaka unaofuata, na mazungumzo ya kuwaongezea yawe yamekwisha kabla ya Desemba, simu za kutoka Dar es Salaam zikiwa bado hazijaanza kulia.