Buibui-bahari: Umbile, Makao na Jina Lake

Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyesoma elimu ya viumbe kwa Kifaransa, akitakiwa kumtaja kwa Kiswahili mnyama aitwaye araignée de mer, huelekea kusema “buibui wa bahari”. Tafsiri hiyo ni sahihi neno kwa neno, lakini yapotosha. Kwa Mfaransa, jina hilo ni la kaa wa jenasi ya Maja, mwenye miguu mirefu, auzwaye sokoni na kuliwa. Mnyama ambaye Waingereza humwita buibui wa bahari ni mwingine kabisa; Kifaransa humwita pycnogonide. Hapana budi, basi, kuutazama mwili wake kabla ya kumpa jina.

Mnyama huyu kwa kawaida ana miguu minane, ingawa spishi chache zina kumi au kumi na miwili. Kiwiliwili chake ni chembamba mno, hata viungo vya ndani havipati nafasi. Kwa hiyo utumbo hutoa matawi yanayoingia miguuni, na mayai hukomaa mapajani. Hana matamvua wala mapafu; oksijeni hupenya katika ganda la mwili wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mikazo ya utumbo husaidia kuisambaza oksijeni hiyo, kwani moyo wake ni dhaifu. Kwa mrija ulio mbele ya kichwa hunyonya wanyama laini kama vile anemoni. Katika spishi nyingi dume ndiye abebaye mayai, akitumia jozi ya miguu midogo ya pekee.

Spishi zinazojulikana zapita 1,300, nazo huishi katika bahari zote, tangu ufuoni hadi vilindi vya mita 7,000 hivi. Zile za maji ya joto, kama ya pwani ya Waswahili, aghalabu ni ndogo sana. Katika vilindi na bahari za ncha za dunia wamo wa jenasi ya Colossendeis, ambao upana wao, miguu ikinyoshwa, waweza kufikia sentimita 70. Meli ya Kijerumani Valdivia, iliyosafiri mwaka 1898 na 1899 na kupita Bahari ya Hindi, ilikusanya wanyama hawa, na Karl Möbius akachapisha maelezo yao mwaka 1902.

Je, wamo katika Ziwa Tanganyika? Swali hilo si la mzaha. Ziwa hilo lina konyeza, na konokono wanaofanana na wa baharini, hata J. E. S. Moore akadai katika kitabu chake cha mwaka 1903 kwamba zamani lilikuwa mkono wa bahari. Dai hilo limekataliwa na wataalamu. Buibui-bahari hawamo humo, wala katika maji yoyote baridi yasiyo na chumvi.

Jina lifaalo ni lipi? Wataalamu walio wengi humweka mnyama huyu katika kundi moja na buibui, nge na kupe, ingawa tawi lake lilijitenga zamani sana. Basi “buibui-bahari” lafaa, kwa kuwa laonyesha ujamaa wa kweli. Yule wa Kifaransa na aitwe “kaa-buibui”, maana ni kaa. Mfasiri afuataye neno pasipo kumwona mnyama atampa msomaji kaa mahali pa buibui.