Uhai wa Udongo katika Bonde na Delta ya Rufiji

Rutuba ya bonde la Rufiji kwa kawaida huelezwa kwa kutaja tope ambalo mto huliteremsha kutoka bara na kulitandaza mashambani wakati wa mafuriko, na maelezo hayo ni ya kweli, ingawa yanaishia njiani. Tope linapotua huwa ni chembe za madini zilizochanganyika na majani na mabaki ya viumbe, na sehemu kubwa ya virutubisho vyake imefungika katika hali ambayo mzizi wa mpunga au wa muhindi hauwezi kuifyonza. Kazi ya kuvifungua hufanywa na wakazi wa udongo wenyewe: bakteria, kuvu, minyoo isiyoonekana kwa macho, nyungunyungu, mchwa, jongoo na, kuelekea baharini, kaa. Wingi na utofauti wa viumbe hao ndio uitwao bayoanuwai ya udongo, na makadirio ya kisayansi ya mwaka 2023 yanaonyesha kwamba takriban asilimia 59 ya spishi zote za dunia huishi udongoni.

Kilimo cha mlau, yaani kupanda kwenye unyevu unaobaki mafuriko yanapopungua, kinategemea viumbe hao kuliko inavyodhaniwa. Maji yanapolifunika shamba, oksijeni huisha udongoni kwa muda mfupi, bakteria wanaohitaji hewa hufa au hufifia, na wale wanaoweza kuishi bila hewa hushika nafasi. Katika hali hiyo fosforasi iliyoshikamana na chuma huachiliwa, na kwenye maji ya kina kifupi yanayopigwa na jua huongezeka bakteria wa kijani ambao hunasa naitrojeni ya hewani na kuwezesha mpunga kuzaa hata pasipo mbolea ya dukani. Mto unaporudi katika mkondo wake, hewa huingia tena kupitia nyufa za udongo, masalia ya waliokufa huoza haraka, na virutubisho vyao huachiliwa wakati uleule ambao mahindi, kunde na maboga hupandwa. Kunde huongeza faida nyingine, kwa kuwa mizizi yake hukaribisha bakteria wanaoishi ndani ya vinundu na kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, huku mmea ukiwalipa kwa sukari.

Katika delta yenyewe, kutoka Nyamisati hadi Salale na Mbuchi, kazi hiyo huchukua sura tofauti, kwa sababu maji ya bahari huingia na kutoka kila siku. Misitu ya mikoko ya delta, yenye ukubwa wa takriban hekta 53,000, ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki, na afya yake hutegemea sana kaa na konokono waitwao tondo. Kaa huburuta majani ya mikoko hadi mashimoni kabla maji hayajayasomba, na mashimo hayo hupitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi iliyozama katika tope zito. Chini zaidi, pasipo hewa kabisa, bakteria hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na hapo hutoka ile harufu ya mayai viza. Salfa hiyo hukutana na chuma na kuwa madini ya piriti, ambayo hayaleti madhara maadamu yamebaki chini ya maji.

Hatari huanza mikoko inapofyekwa na tope kukauka. Hewa huifikia piriti, bakteria wa kundi jingine huisaidia kugeuka kuwa asidi kali ya salfa, na udongo unaweza kuchachuka kiasi cha kudumaza mimea. Mashamba ya mpunga yaliyofunguliwa ndani ya mikoko ya Rufiji mara nyingi huzidiwa na magugu baada ya miaka michache, kisha mkulima huhamia kipande kingine cha msitu. Ni kweli kwamba kaa hukata miche ya mpunga, na uchungu wa mkulima unaeleweka. Hata hivyo, kuwamwagia sumu ni hasara mara mbili, kwa kuwa hao ndio wanaopitisha hewa katika udongo anaoutegemea.

Mwinuko wa Kibiti una habari inayofanana kwa namna ya kushangaza. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye vijiji vya ardhi ya juu, ambako udongo ni wa kichanga na mikorosho hustawi. Salfa ya unga inayopulizwa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga hudondokea ardhini, na bakteria huigeuza kuwa asidi ileile inayotokea katika tope la mikoko, ila polepole. Kwenye mchanga kama huo, mikorosho husaidiwa na kuvu wanaoungana na mizizi yake na kuifikishia fosforasi kutoka mbali, kuvu ambao hupungua pale majani yanapofagiwa na kuchomwa kila mwaka.

Suala la uhai wa udongo limepata uzito mpya tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilipoanza kujazwa maji. Mafuriko hayajakoma, kama wakazi wa Rufiji na Kibiti walivyoona Aprili 2024, lakini bwawa lolote kubwa hunasa sehemu ya tope, na kwa hiyo rutuba inayotengenezwa shambani kwenyewe italazimika kubeba mzigo mkubwa zaidi. Baadhi ya hatua zinazohitajika ziko ndani ya uwezo wa kaya ya kawaida: kuacha mabua yaoze badala ya kuyachoma, kurudisha majani ya mikorosho chini ya miti, na kupanda kunde mara kwa mara. Kunde hushirikiana na aina nyingi za bakteria wenyeji wa udongo wa Afrika, kwa hiyo kwa kawaida hustawi bila mbegu zake kupakwa bakteria wa kununua, ambao soya huwahitaji mara nyingi.