Juliana Rotich na riziki ya programu huria

Watu wazima wa Mbarara wanaikumbuka Januari 2008 kwa petroli. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga njia ya mizigo kutoka Mombasa, mafuta yakaadimika Uganda nzima na bei ikaruka. Wakenya walivuka mpaka wakawa wakimbizi, na baadhi yao hatimaye walipewa makazi Kiryandongo. Huko Kenya serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na watu walikuwa wakiuawa bila jirani wa kilomita kumi kujua.

Tarehe 3 Januari mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna mafundi wanaoweza kuyaweka matukio hayo kwenye ramani. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, aliandika programu hiyo kwa siku chache tu. Erik Hersman na Juliana Rotich walijiunga nao. Wakaiita Ushahidi. Raia aliyeona nyumba ikichomwa alituma taarifa, nayo ikaonekana kwenye ramani ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua.

Kati ya hao wanne, Rotich ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini na kijana wa Mbarara au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Alisomea kompyuta Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, akafanya kazi Marekani katika simu na hifadhi za data. Alikuwa na mshahara na ujuzi unaouzika. Hata hivyo alijitosa katika programu ambayo yeye na wenzake waliamua kuitoa bure, pamoja na msimbo wake wote, ili atakaye aichukue na kuibadilisha: ndiyo maana ya programu huria.

Uamuzi huo ndio uliowafungulia dunia. Novemba 2008, wakati vita vya Kivu Kaskazini vilipopamba moto, toleo jipya la Ushahidi lilijaribiwa Kongo, likiwa bado changa. Wapo wakazi wa Nakivale waliovikimbia vita hivyo hivyo. Kisha, Januari 2010, tetemeko la ardhi likaibomoa Port-au-Prince. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts waliisimamisha ramani ya Haiti kwa programu iliyozaliwa Kenya, na Wahaiti waliokuwa ughaibuni wakawa wanatafsiri meseji za watu waliokwama kwenye vifusi. Kama kila anayeihitaji angesubiri mkataba na leseni, waliofukiwa wasingengoja.

Lakini waanzilishi wa Ushahidi walikula nini? Swali hili huulizwa kwa aibu, nami naona liulizwe waziwazi. Msimbo wa bure haumlipi mtu kwa kuwa tu ni mzuri. Kwa miaka mingi Ushahidi iliendeshwa kwa ruzuku za wafadhili, na Rotich, aliyekuja kuwa mkurugenzi mtendaji wake, alibeba kazi ya kuzitafuta. Jina jema walilolipata ndilo lililozaa mengine. Mwaka 2010 walifungua iHub jijini Nairobi, mahali ambapo vijana wenye mawazo walipata meza na intaneti. Mwaka 2013 ikaja BRCK, kampuni ya kibiashara iliyounda kifaa cha intaneti chenye betri yake, kwa ajili ya sehemu ambazo umeme hukatika na mtandao huyumba. Rotich alikuwa mwanzilishi mwenza. Baadaye akaingia kampuni ya simu ya Safaricom, upande wa teknolojia ya fedha. Mwaka 2019 Ujerumani ilimtunuku Tuzo ya Afrika ya nchi hiyo.

Huku kwetu mbegu ipo. Kliniki ya VVU ya Hospitali ya Rufaa ya Mbarara imetumia OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Mmoja wa waandishi wakuu wa msimbo wake duniani ni Mganda, Daniel Kayiwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kinafundisha kompyuta. Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ina vijana wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kifaransa, lugha ambazo programu za misaada hazina budi kuzijua. Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi.

Hela ya programu huria imo katika kuisimika, kuitafsiri, kuwafundisha watumiaji na kuifufua seva inapolala. Kazi hizo zinamtaka mtu aliye karibu. Fundi anayekaa Makenke, Mbarara, hufika Isingiro, wilaya ilimo Nakivale, siku hiyo hiyo. Mshauri wa Ulaya hufika baada ya tiketi na viza, naye hulipwa zaidi sana.

Kwa hiyo nayaomba mashirika yanayohudumu Nakivale na ofisi za wilaya za Mbarara na Isingiro: mnapochukua programu huria bila kulipia leseni, fedha mliyookoa iwalipe vijana wa hapa waitunze. Andikeni hivyo ndani ya mkataba, na mtangaze kazi hizo Base Camp, huko Nakivale, kama mnavyozitangaza Kampala.