Vigae vya Urewe na Njia za Biashara Magharibi ya Ziwa Viktoria

Amfora, mtungi wenye mikono miwili uliotumika katika Dola ya Rumi kusafirishia divai na mafuta ya zeituni, hutambuliwa kwa mdomo, mikono, kitako na udongo wake, na kwa kuwa wafinyanzi wa kila eneo walikuwa na umbo lao, kigae kimoja huweza kutaja bandari kilikotoka. Mitungi iliyofinyangwa Aila, mji uitwao leo Akaba katika Yordani, imepatikana Aksum na katika mabaki ya merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Black Assarca, pwani ya Eritrea. Huko chombo chenyewe ni ushahidi wa biashara, kwa sababu kilisafiri pamoja na shehena.

Kanuni hiyo haiwezi kuhamishiwa ilivyo Kagera, mkoa wa Tanzania ulio magharibi ya Ziwa Viktoria. Wilaya zake za Ngara na Biharamulo zinapakana na maeneo yenye vigae vingi vya Urewe: Rwanda na Burundi kwa upande wa magharibi, na Buhaya kwa upande wa kaskazini, ambako mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka. Ufinyanzi huu, ulioanza katika karne za mwisho kabla ya Kristo, umepewa jina la mahali palipo Siaya, Kenya, na ulielezwa mwaka 1948 na Mary Leakey, Owen na Louis Leakey. Mdomo wa chungu cha Urewe una kingo bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, mabega yake yana mistari sambamba, mistari ya kukatizana au mizunguko iliyochorwa kabla udongo haujakauka, na baadhi ya vyungu vina kibonyeo kitakoni. Lakini kibonyeo peke yake hakitoshi kutambua chungu cha Urewe, kwa kuwa vyungu vingi havina, na anayekitegemea hukosea upesi.

Vyungu vizito, vyepesi kuvunjika, havikuwa na sababu ya kubebwa mbali penye udongo mzuri katika kila bonde, hivyo kufanana kwao huashiria zaidi ujuzi uliosafiri na watu kuliko bidhaa. Jambo hili hupimwa kwa kukata kipande cha kigae hadi unene wa milimita 0.03 na kulinganisha chembe zake, chini ya hadubini, na udongo wa mahali kilipookotwa.

Bidhaa iliyosafiri kweli ilikuwa chuma. Katika karne ya 19 majembe ya Warongo, wafua chuma wa Biharamulo na Geita, yalifika Usukuma na Unyamwezi, lakini jembe lililochakaa lilifuliwa upya likawa kitu kingine, na hivyo njia yake ikafutika mwishoni mwa safari huku ikibaki mwanzoni mwake, penye mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha hewa ya mivukuto. Ndiyo maana kigae na mavi ya chuma vinavyofukuliwa na jembe la mkulima vina thamani kubwa vikiachwa pamoja: kigae husaidia kukadiria umri wa tanuri, na tanuri huonyesha mahali biashara ilipoanzia.