Milimita Tatu za Pua: Sayansi Iliyomo Katika Ndege ya Mfano

Ndege ya mfano huonekana na wengi kuwa ni mchezo wa watoto, au pambo la kuwekwa juu ya kabati. Fikra hiyo ina ukweli kidogo tu. Mtu anayetaka kuunda mfano sahihi wa ndege iliyopata kuruka hana budi kupima, kugawanya, kulinganisha picha na michoro, na zaidi ya yote kuuliza kwa nini kila kiungo kiliwekwa mahali kilipo. Hayo ni maswali ya mhandisi.

Makala hii inaeleza kazi moja ya namna hiyo, nayo ni kuubadili mfano wa Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, kutoka aina ya tano, yaani Mk V, uwe wa aina ya tisa, yaani Mk IX. Badiliko kubwa katika kazi hiyo ni kuirefusha pua kwa milimita tatu hivi. Ni kipimo kidogo mno mezani. Lakini mwaka 1942, katika anga la Ulaya, kiliamua uhai wa marubani wengi.

MAANA YA 1 KWA 72

Skeli inayopendwa sana na waundaji wa ndege ndogo za mfano ni ya 1 kwa 72. Chanzo chake ni vipimo vya Kiingereza: inchi moja ya mfano husimama badala ya futi sita za ndege halisi, yaani kimo cha mtu mrefu. Mabawa ya Spitfire yalikuwa na upana wa meta 11.23 kutoka ncha hadi ncha. Katika skeli hii upana huo huwa milimita 156, na ndege nzima hukaa juu ya kiganja cha mkono.

Hesabu ya urefu ni nyepesi, lakini ya eneo na ujazo hushangaza. Urefu ukigawanywa kwa 72, eneo la bawa hugawanywa kwa 72 mara 72, yaani 5,184, na ujazo hugawanywa kwa 373,248. Spitfire Mk IX iliyojazwa petroli na risasi ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 3,400. Mfano wake, kama ungeundwa kwa vitu vile vile na kila unene ukapunguzwa kwa kadiri ile ile, ungekuwa na uzito wa gramu 9 tu. Kanuni hiyo ya urefu, eneo na ujazo ndiyo imwezeshayo sisimizi kubeba mzigo unaouzidi mwili wake, na ndiyo imlazimishayo tembo kuwa na miguu minene kama nguzo.

MIFANO ILIYOFUNDISHA MACHO

Katika Vita Kuu ya Pili mifano ya skeli hii ilitumika kufundishia. Haja yake ilidhihirika mapema. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kuingia vitani, marubani wa Spitfire waliziona ndege mbele yao, wakadhani ni za adui, wakazitungua mbili. Zilikuwa Hurricane, ndege za Waingereza wenzao, na rubani mmoja alikufa. Makosa kadhaa yalichangia ajali hiyo, na mojawapo lilikuwa la macho kushindwa kubagua rafiki na adui katika muda wa sekunde chache.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa ni mazoezi. Mfano wa 1 kwa 72 ukitazamwa kutoka umbali wa meta 9 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa meta 648. Hivyo askari aliweza kujifunza darasani umbo la ndege kwa pembe zote, bila kutumia tone la petroli. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule nchini humo kuchonga mifano 500,000 ya mbao katika skeli hiyo. Mfano uliokosewa vipimo haukufaa kitu, maana ungemfundisha askari kutambua ndege isiyokuwapo duniani.

KWA NINI PUA ILIREFUSHWA

Mnamo Septemba 1941 marubani wa Uingereza walianza kukutana juu ya Ufaransa na ndege mpya ya Kijerumani, Focke-Wulf 190. Ndege hiyo iliishinda Spitfire Mk V kwa mbio, kwa kupanda juu, na kwa wepesi wa kubingirika. Mk V ilibaki na ubora mmoja tu mkubwa, wa kupiga kona kali zaidi. Hasara ikawa kubwa. Tarehe 23 Juni 1942 rubani mmoja wa Kijerumani alipotea njia, akatua na ndege yake nzima katika kiwanja cha Pembrey, huko Wales. Waingereza wakaichunguza, na vipimo vikathibitisha yale waliyoyasema marubani wao.

Udhaifu wa Mk V ulikuwa hasa katika hewa ya juu. Injini yake, Merlin, yenye silinda 12 na ujazo wa lita 27, ilihitaji hewa nyingi ili kuunguza petroli. Lakini katika kimo cha meta 9,000 densiti ya hewa ni kiasi cha asilimia 38 tu ya ile ya usawa wa bahari. Ilikuwapo pampu ya kuishindilia hewa kabla ya kuingia katika silinda, nayo ilifanya kazi hiyo kwa hatua moja. Wahandisi wa Rolls-Royce waliunda Merlin 61, ambayo pampu yake ilishindilia hewa kwa hatua mbili, moja baada ya nyingine.

Hapo fizikia ikadai haki yake. Mtu yeyote aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli anajua kuwa pampu hupata moto, kwa kuwa hewa inaposhindiliwa joto lake huongezeka. Hewa ya moto hutanuka, na hivyo kupunguza faida ya kushindiliwa kwake. Tena huweza kuifanya petroli ilipuke kabla ya wakati. Kwa hiyo kikawekwa kipoza hewa kati ya pampu na silinda. Pampu ya pili na kipoza hicho viliirefusha injini kwa karibu inchi 9, yaani sentimita 23. Zigawanye kwa 72, nawe utapata milimita tatu na kidogo.

Joto lile lilipaswa kutupwa nje. Chini ya bawa la kushoto la Mk V kulikuwa na kipoza oili kidogo, na chini ya la kulia rejeta kubwa. Katika Mk IX mabawa yote mawili yalibeba visanduku vikubwa vya umbo moja. Na kwa kuwa nguvu ya injini katika hewa nyepesi iliongezeka, rafadha ya mapanga matatu ilibadilishwa kwa ya mapanga manne.

Ndege iliyotokea ilianza kazi Julai 1942 katika Kikosi cha 64, kwenye kiwanja cha Hornchurch. Mbio zake zilikuwa kiasi cha kilometa 650 kwa saa, na ilipojaribiwa pamoja na ile Focke-Wulf iliyotekwa, ikaonekana kuwa zinakaribiana sana. Tena ilifanana mno na Mk V, hata adui aliyeitazama kwa mbali hakujua anapambana na ipi. Ilikusudiwa kuwa suluhisho la muda tu, wakati aina nyingine, Mk VIII, ikitayarishwa; hata hivyo ziliundwa zaidi ya 5,000, nazo zilitumika hadi mwisho wa vita.

KAZI YA MIKONO

Jambo la kupendeza ni kwamba Mk IX za kwanza zilikuwa ni Mk V zilizobadilishwa. Kwa hiyo mwundaji mwenye mfano wa plastiki wa Mk V anapoushika msumeno, anarudia hatua walizozipita mafundi wa mwaka 1942.

Kwanza hukata pua kwa msumeno mwembamba, mahali ulipo ukuta wa chuma unaoitenga injini na matangi ya petroli yaliyo mbele ya rubani. Kukata popote pengine ni kosa, kwa sababu ndege halisi haikurefushwa popote pengine. Kisha hubandika vipande vya plastiki bapa vyenye unene wa milimita tatu hivi, na kuirudisha pua mbele yake. Gundi ifaayo kwa plastiki hii huyeyusha kidogo nyuso zote mbili, zikashikana na kuwa kitu kimoja. Mvuke wake ni mbaya kwa mapafu, na madirisha yapasa kuwa wazi. Kiungo kiachwe usiku kucha kabla ya kuguswa.

Shida huja baadaye. Pua ya Spitfire huendelea kupungua kuelekea mbele, hivyo kipande kilichoongezwa huacha ngazi upande mmoja au mwingine. Ngazi hiyo hujazwa puti, ikasuguliwa kwa tupa laini, halafu kwa msasa wenye maji, mpaka mstari wa juu na wa chini ukimbie bila kuvunjika. Kisha rejeta ya pili huchongwa kwa kuifuata ile ya kwanza. Mabomba ya moshi, ambayo katika Mk V nyingi yalikuwa matatu kila upande, hufanywa sita. Rafadha mpya ya mapanga manne huwa na kipenyo cha milimita 45 hivi.

YASIYOKUBALI KUPUNGUZWA

Hata fundi hodari hufika mahali ambapo skeli humkatalia. Sehemu kubwa ya bati la Spitfire ilikuwa na unene usiozidi milimita moja. Kwa skeli ya 1 kwa 72 unene huo ungekuwa mdogo kuliko wa karatasi. Ukingo wa nyuma wa bawa la plastiki, wenye nusu milimita, unalingana na milimita 36 za ndege halisi. Kwa hiyo hukwanguliwa kwa wembe upande wa ndani hadi uwe mwembamba kadiri plastiki itakavyostahimili. Rangi nayo ina unene, ikipakwa mara nyingi hufukia mistari yote ya mabati. Aidha, hewa iliyo kati ya mtazamaji na ndege ya mbali huififisha rangi. Ndiyo sababu baadhi ya waundaji huongeza rangi nyeupe kidogo katika kijani na kijivu cha vita.

Mwendo wa hewa pia haukubali kupunguzwa kwa urahisi. Mwaka 1883 Osborne Reynolds alionyesha, kwa maji yapitayo katika mabomba, kuwa tabia ya mkondo hutegemea kwa pamoja mwendo, ukubwa wa chombo, densiti na unato. Kwa hiyo hewa haipiti juu ya bawa dogo kama ipitavyo juu ya bawa kubwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1920 wataalamu wa Langley, Marekani, walitatua sehemu ya shida hiyo kwa kuijaribu mifano midogo ndani ya tangi la chuma lililojazwa hewa iliyoshindiliwa hadi mara 20 ya kawaida. Mfano ulikuwa umepunguzwa, na hewa ikaongezwa uzito kufidia.

USHAHIDI KABLA YA MSUMENO

Sheria kuu ya kazi hii ni kutobadili kitu bila ushahidi. Michoro mingi imenakiliwa kutoka michoro mingine, na kosa la kwanza hurithiwa na yote. Picha ya kale ni shahidi bora, lakini yataka kusomwa kwa hadhari, kwa kuwa kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kitu chenye kipimo kinachojulikana, kama rafadha, huweza kutumika kama rula ya kukadiria vitu vilivyo jirani nacho. Tarehe pia ni sehemu ya ushahidi. Mk IX za awali zilikuwa na usukani wa mkia wenye ncha ya mviringo, na nyingi za baadaye zilikuwa na ncha iliyochongoka. Anayeweka usukani wa 1945 katika ndege ya Julai 1942 ameunda ndege ambayo haikuwapo.

Mafunzo haya yaweza kupatikana hata pasipo mfano wa kununua. Mbao ya msufi ni nyepesi na huchongeka kwa kisu, na mti huo ni wa jamii moja na balsa, mbao mashuhuri ya waundaji wa ndege za mfano. Kwa rula, kisu, msasa na mchoro mmoja wa kuaminika, wanafunzi wa shule ya sekondari wanaweza kuchonga umbo la ndege, wakakokotoa eneo la bawa na uzito wake, kisha wakapima na kuona walipokosea. Spitfire ilikuwa silaha, na kuichunguza si kuvisifu vita. Lililo muhimu ni kwamba mwanafunzi akiulizwa kwa nini rejeta ni mbili na mapanga ni manne, aweze kujibu kwa kuanzia kwenye hewa nyepesi ya kimo cha meta 9,000.